Adabu za Kuzitumia Sumu za Mimea Dhidi ya Wadudu

Mwaka 1959 kundi la nzige wa jangwani lilitua katika nchi ya Sudan, likala majani yote yaliyokuwapo ghairi ya yale ya miti ya mwarobaini. Na Heinrich Schmutterer, mtaalamu wa Kijerumani wa elimu ya wadudu, aliyeyaona hayo kwa macho yake, akatumia miaka mingi ya umri wake kuichunguza siri ya mti huo. Mnamo 1968 wanakemia wawili wa Uingereza, Butterworth na Morgan, walifaulu kuitenga kutoka katika mbegu zake kemikali iliyopewa jina la azadiraktini, ambayo kiasi chake kidogo mno chatosha kumzuia nzige asile. Hivyo elimu ya maabara ikaja kulithibitisha jambo ambalo wazee wetu walilijua kwa mazoea, walipochanganya majani machungu na nafaka kabla ya kuifunga ghala: ya kwamba mimea mingi ina silaha zake, na ya kwamba mwanadamu mwenye maarifa aweza kuziazima.

Mwongozo huu umekusudiwa mkulima wa bustani au shamba dogo, ambaye dawa za dukani zamgharimu, au zamtia hofu, naye angependa kuvitumia vilivyomzunguka. Nasaha yangu kubwa kwake ni moja. Sumu ya mmea haikuwekwa pale kwa ajili yetu. Imewekwa mahali maalumu, kwa kadiri maalumu, imkabili adui maalumu. Na mtu aichukuaye bila ya kuujua utaratibu huo ama atalipoteza jasho lake bure, ama ataidhuru nafsi yake na jirani zake. Wengi waliojaribu dawa hizi wakazitupa kwa kuona hazifai, hawakudanganywa na mti. Walichuma sehemu isiyo na sumu, au waliianika juani sumu isiyostahimili jua, au walimpulizia mdudu asiyeijali.

Namna mimea ijilindavyo

Zipo namna nne za ulinzi ambazo yafaa uzifahamu kabla ya kuchuma jani lolote.

Ya kwanza ni sumu iliyo tayari daima, kama uchungu wa mwarobaini au tanini za magome ya mkoko na mkandaa, ambazo humfanya mdudu aone taabu kukisaga na kukimeng'enya alichokila. Ya pili ni sumu iliyogawanywa, ambayo sehemu zake mbili hukaa mbalimbali ndani ya jani, zisikutane mpaka mdudu atafunapo. Ndiyo silaha ya mhogo, na ndiyo silaha ya kabichi na sukumawiki. Ya tatu ni sumu itengenezwayo baada ya jeraha: mwaka 1972 Green na Ryan wa Marekani walionyesha kwamba jani la mnyanya au la mviazi likiliwa na mende, mmea hujaza viini vya kuzuia umeng'enyaji wa protini si katika jani hilo tu, bali hata katika majani mengine yasiyoguswa. Ya nne ni kuomba msaada: mhindi unapotafunwa na viwavi hutoa harufu ambayo haitoki ukichanwa kwa mkono mtupu, na harufu hiyo huwaongoza nyigu wadogo watagao mayai ndani ya mwili wa kiwavi, jambo lililobainishwa na Turlings na wenzake mwaka 1990.

Kutokana na hayo pata funzo la kwanza, nalo ni subira. Majani machache yenye matundu si sababu ya kuhamanika na kukimbilia bomba la kupulizia, kwa maana yawezekana kwamba mmea umekwisha kujihami, na askari wake wako njiani. Nawe ukipuliza kwa pupa utawaua askari pamoja na adui. Pita shambani asubuhi, pindua majani utazame upande wa chini, na uhesabu. Kama wadudu waongezeka kutoka ukaguzi mmoja hadi mwingine, hapo ndipo uchukue hatua.

Maswali manne

Kwa kila mmea unaotaka kuutumia, jiulize kwanza: sumu yake iko katika sehemu gani? Pili: huyeyuka katika nini? Tatu: huharibiwa na nini? Nne: humdhuru nani mwingine zaidi ya mdudu ninayemkusudia? Mwenye majibu ya maswali hayo aweza kutengeneza dawa yake kwa yakini. Asiyekuwa nayo na angoje kwanza. Na tuyapeleke sasa kwenye mimea mashuhuri ya nchi zetu, mmoja baada ya mmoja.

Mwarobaini

Azadiraktini hupatikana kwa wingi katika kiini cha mbegu. Majani nayo yanayo, lakini kidogo. Basi okota matunda yaliyoiva na kugeuka manjano, yamenye nyama yake, ioshe mbegu, kisha uianike kivulini siku kadhaa mpaka ikauke kabisa. Iweke katika kikapu au gunia la katani lipitishalo hewa, wala usiitie katika mfuko wa plastiki, kwani unyevu ukinaswa humo huzaa ukungu, na kiini chenye ukungu ni cha kutupwa. Tumia mbegu zisizozidi mwaka mmoja tangu kuokotwa.

Siku ya kutumia, banja maganda, chagua viini visafi, uvitwange, na upime gramu 50 za unga kwa kila lita 1 ya maji, yaani nusu kilo kwa lita 10. Ufunge unga katika kitambaa, uloweke usiku kucha, uukamue asubuhi, na uyachuje maji yasije yakaziba bomba. Ongeza sabuni kidogo ya maji ili dawa ishike juu ya jani, lakini usichanganye na majivu wala magadi, kwa sababu azadiraktini haidumu katika maji ya namna hiyo. Adui yake mwingine ni jua, ambalo huivunja kwa muda wa siku chache. Kwa hiyo weka ndoo kivulini mchana kutwa, upulize jioni, na urudie baada ya juma moja ikiwa haja ingaliko.

Usitazamie kuona viwavi vikianguka papo hapo. Dawa hii humwondolea mdudu hamu ya kula, na humvurugia homoni zimwezeshazo kujivua gamba, hata akafa akiwa katikati ya kubadilika. Ipime kazi yake baada ya siku nne au tano, kwa kutazama kama majani mapya yanaliwa au la. Mafuta ya mwarobaini yasinywewe, na hasa wasipewe watoto wachanga, kwani yapo madhara makubwa yaliyowapata.

Utupa

Kichaka hiki chenye maua meupe au ya zambarau hupandwa tangu zamani katika Tanzania, Malawi na nchi za jirani, na wavuvi wa kale walikitumia kulevya samaki. Sumu zake, ambazo ni rotenoni na jamaa zake, zimo katika majani, na huua kwa kuikatiza kazi ya seli ya kutumia hewa kupata nguvu.

Lakini majibu ya maswali mawili hapa yamewashinda wakulima wengi. Jibu la kwanza ni kwamba si kila utupa una sumu. Watafiti wamegundua ya kuwa zipo aina mbili zisizotofautiana kwa sura, moja ikiwa na rotenoni na jamaa zake, nyingine ikiwa haina. Na hiyo ya pili, hata ukiichemsha siku tatu, haiwezi kumdhuru kimamba mmoja. Kwa hiyo, kabla ya kupanda ua zima, omba mbegu kwa mtu ambaye utupa wake umekwisha kuua wadudu, nawe ujaribu mwenyewe juu ya miche michache. Jibu la pili ni kwamba sumu hii haiyeyuki vema katika maji matupu. Yataka sabuni tangu mwanzo wa kuloweka, si mwisho. Kausha majani kivulini, uyasage, utie gramu 100 za unga katika lita 1 ya maji yenye sabuni kidogo, kwa kadiri ya kijiko kimoja cha chai kwa lita 5; yaache siku nzima, uchuje, upulize jioni.

Katika majaribio ya maharage yaliyofanywa kaskazini mwa Tanzania, dawa za utupa na za magugu ya pembezoni mwa shamba, kama vile alizeti-mwitu na kishona nguo, zilipunguza wadudu waharibifu huku zikiwaacha buibui na mende wa madoa, walao vimamba, kwa wingi kuliko dawa ya dukani iliyolinganishwa nazo. Hiyo ndiyo faida yake kubwa. Hasara yake ni kwamba samaki hawaistahimili hata kidogo: usioshe bomba wala ndoo mtoni, wala usipulize karibu na bwawa, na anayeutumia kuvulia samaki avunja sheria za uvuvi na kuangamiza hata vifaranga vya samaki visivyo na faida kwake. Unga wa utupa huhifadhi vizuri maharage na kunde dhidi ya fukusi, lakini mimi nakushauri uutumie kwa mbegu za kupanda tu, si kwa chakula.

Pareto

Ua hili la nyanda za baridi lilianza kulimwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na wakati wa Vita Kuu ya Pili, biashara ya pareto ya Japani ilipokatika, Kenya ikawa muuzaji mkubwa wa pareto ulimwenguni; Tanzania nayo huilima katika nyanda za juu za kusini, upande wa Mbeya na Iringa. Piretrini zake zimekusanyika katika vichwa vya maua, hasa katika vijimbegu vyake, ndiyo maana mchumaji huchuma maua yaliyokunjuka wala hahangaiki na majani. Piretrini huishika mishipa ya fahamu ya mdudu isiweze kutulia, naye huanguka mara moja akitapatapa.

Adui wa piretrini ni nuru. Maua yaliyokaushwa na kusagwa yafungwe katika kopo lisilopitisha mwanga wala hewa, na yatumike yakingali mapya. Mwili wa mwanadamu huzivunja upesi, ilhali nyuki na samaki huzifia. Basi usinyunyize mchana maua yanapotembelewa na nyuki. Aliye pwani na asipoteze ardhi yake kwa kupanda pareto, kwani haitoi maua ya maana pasipo baridi.

Karafuu na kivumbasha

Karafuu za Unguja na Pemba zina mafuta yapatayo asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, kemikali ile ile iliyomo katika kivumbasha kinachoota kandokando ya njia zetu za bara, na ambayo makonyo ya karafuu hukamuliwa ili ipatikane. Harufu hiyo, ipendezayo kwetu, huwafukuza fukusi wa mahindi. Kwa kuwa silaha yenyewe ni harufu, kinachoiharibu ni upepo: majani makavu ya kivumbasha yaliyotandazwa juu ya kihenge kilicho wazi hayana faida ya muda mrefu, lakini yakichanganywa na nafaka kavu ndani ya chombo kilichofungwa barabara, yatafanya kazi. Nafaka yenye unyevu haiponywi na kiungo chochote, ikaushe kwanza.

Tumbaku: sumu ya kuachwa

Yupo atakayekushauri uloweke tumbaku. Usimfuate. Nikotini hutengenezwa katika mizizi, ikapandishwa majanini, nayo huyeyuka katika maji kwa wepesi. Lakini hupenya pia katika ngozi ya mtu, hata wachumaji wa majani mabichi yenye umande hupatwa na kizunguzungu na kutapika. Fauka ya hayo, tumbaku yaweza kuleta virusi vya batobato katika minyanya, pilipili na biringanya zako. Sumu haiwi salama kwa sababu tu ya kutoka katika jani. Na anayeuza au kugawa dawa za miti bila ya kulisema hilo, amwonea mwenzake.

Mhogo: silaha iliyo katika chakula chetu

Mhogo mchungu hupendwa na wakulima wengi kwa sababu nguruwe-mwitu na nyani huuogopa. Nao huuogopa kwa haki. Ndani ya seli zake mna linamarini, na katika kuta za seli mna kimeng'enya. Vikikutana kwa kutafunwa au kutwangwa, hutoka hatimaye sianidi. Majani na maganda yana sumu nyingi, na ukame huzidisha ile ya mizizi, hivi kwamba mwaka wa njaa, ambao watu huharakisha chakula, ndio mwaka wa hatari kuliko yote. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafula na pasi na kupona, ulielezwa na daktari Trolli huko Kongo mwaka 1938. Uliwapata watu zaidi ya elfu moja katika jimbo la Nampula, Msumbiji, mwaka 1981. Na ukaonekana Tarime, Tanzania, mwaka 1985, nyakati hizo zote kukiwa na ukosefu wa chakula na watu wakila mhogo usiotengenezwa vizuri.

Sharti la usalama hutokana na namna silaha yenyewe ilivyoundwa: ni lazima uivunje seli, ili linamarini ikutane na kimeng'enya, kisha uipe sianidi nafasi ya kutoka. Kuanika vipande vizima juani hakutoshi, kwa kuwa hukauka kabla hazijakutana. Loweka mizizi siku kadhaa mpaka ilainike, au ikwangue na kuivundika, ndipo uianike. Kisamvu na kitwangwe sawasawa kabla ya kuchemshwa. Na kama umenunua unga usioujua, uchanganye na maji, uutandaze kwa unene usiozidi sentimita 1, uuache juani saa 2 au kivulini saa 5, kisha usonge ugali siku hiyo hiyo. Hewa ya sianidi itakuwa imetoka.

Mdudu aliyeizoea sumu

Hakuna ngome isiyokuwa na mtu aijuaye njia yake. Ukali wa kabichi, ambao huwazuia wadudu wengi, haumzuii yule nondo mdogo wa kabichi mwenye mabaka mgongoni. Kiwavi wake anacho kimeng'enya cha kuizima silaha hiyo kabla haijalipuka, na jike huitumia harufu yake kama alama ya mahali pa kutagia. Kwa hiyo asiyebadilisha kitalu, akapanda kabichi juu ya sukumawiki na sukumawiki juu ya kabichi, amwita mgeni huyo kwa jina lake. Panda kunde, vitunguu au mahindi katika zamu, ung'oe mabaki ya zao lililokwisha, wala usizidishe mbolea ya chumvichumvi, kwa sababu majani yaliyonona kupita kiasi huwavuta vimamba.

Kuipa mimea kazi yake shambani

Iliyo bora kuliko dawa zote ni kuiacha mimea ifanye kazi ikiwa hai. Katika kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE huko Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na John Pickett wa Uingereza, waliunda katika miaka ya 1990 utaratibu wa kusukuma na kuvuta, unaoihifadhi mihindi dhidi ya funza wa mashina. Pembezoni mwa shamba hupandwa mistari ya majani ya tembo, yaitwayo nepia huko Kenya, ambayo nondo huyapendelea kutagia kuliko mahindi, ilhali funza wengi wanaoanguliwa humo hunaswa na utomvu wake wakafa. Baina ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, ambayo mizizi yake hutoa kemikali zinazoishawishi mbegu ya kiduha, gugu linyonyalo mizizi ya nafaka, iote, kisha humzuia asijishikize katika mzizi wa mhindi, akafa kwa kukosa chakula. Na mwaka 1997 watafiti hao walieleza kwamba nyasi za molasi zikipandwa kati ya mahindi hutoa, zikiwa hazijajeruhiwa, harufu ya kuwaita nyigu maadui wa funza. Majani ya tembo na desmodiamu ni chakula cha ng'ombe pia, hivi kwamba ardhi iliyotolewa kwa ulinzi hurudisha maziwa.

Utaratibu wa kuanzia

Msimu ujao usianze na yote. Chagua zao moja na mdudu mmoja akusumbuaye kweli kweli; tengeneza dawa ya mmea mmoja kwa vipimo vilivyotajwa; ipulize kwanza katika mistari miwili tu, uiache mistari miwili ya jirani bila kitu, na uilinganishe baada ya juma. Vaa nguo za mikono mirefu, ufunge pua na mdomo unaposaga majani makavu, na unawe kwa sabuni kila umalizapo. Usiweke dawa iliyobaki kwa ajili ya kesho, wala usiitie katika chupa ya soda ambayo mtoto aweza kuinywa. Imwage juu ya udongo, mbali na kisima. Osha mboga zilizopulizwa, na usizichume siku mbili au tatu baada ya kupuliza.

Zaidi ya yote, andika katika daftari: mbegu zilitoka kwa nani, zilichumwa lini, zilipimwa gramu ngapi, na matokeo yalikuwaje. Maarifa ya wazee wetu juu ya miti yamepotea kwa wingi kwa sababu hayakuandikwa vipimo, na mtu aliyerithi jina la mti bila ya kurithi kiasi chake amerithi nusu ya ilimu. Wewe umpe mwanao na jirani yako nusu zote mbili.